Msimamizi ananipa sola, moyo wangu uko kwenye nishati giza

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 25, nasoma shahada ya uzamili ya fizikia katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Masomo ya darasani nimemaliza na matokeo si mabaya. Sasa natakiwa kuwasilisha andiko la utafiti kabla muhula haujafungwa, na mpaka leo sina kichwa cha kuandika juu ya karatasi.

Mada ninazo, tena nyingi mno, na kila mtu ananivuta kwake. Tangu kidato cha tano napenda habari za ulimwengu: kwa nini unatanuka, nishati giza, hiyo inayodhaniwa kuusukuma utanuke kwa kasi zaidi, ni kitu gani, imekuwaje wanaastronomia wapime kasi ileile ya kutanuka wapate majibu mawili. Nimesoma, nimeangalia mihadhara mpaka bando likakata. Lakini idarani kwetu hakuna hata mmoja anayefanya utafiti huo. Msimamizi niliyepangiwa anashughulika na seli za sola, zile mpya za perovskaiti, aina ya fuwele inayonasa mwanga. Amesema kwa upole kwamba nikichukua mada yake atanisaidia, nikichukua nyingine "nitajitegemea".

Mjomba ndiye aliyenilipia ada tangu shahada ya kwanza. Yeye anasema nyota hazijazi sufuria, niende kwenye fizikia ya hospitali, mashine za mionzi, huko ndiko kwenye ajira. Mwenzangu darasani ananicheka, anasema nadharia ni ya Wazungu wenye maabara na pesa, sisi tushike vitu vya kutumika. Mwingine ananishawishi tutengeneze superkondakta, kitu cha kupitisha umeme bila ukinzani, isiyohitaji kupozwa, anasema tukipata ni Nobeli moja kwa moja. Juzi nikaiomba programu ya akili mnemba inipendekezee mada. Ikanipa "Kuunganisha Uvutano wa Kwanta na Nishati Giza kwa Maendeleo Endelevu ya Afrika". Nikacheka, halafu nikajikuta nataka kulia.

Nina kompyuta mpakato ya kawaida, RAM yake GB 8. Intaneti ni ya kuungaunga. Python, lugha ya kuandikia programu, naijua kiasi, hesabu naziweza. Maabara yetu ina vifaa, ila vingine vimekufa vinasubiri vipuri.

Mwalimu, hivi kweli nadharia haina nafasi kwetu? Nikichukua sola nitakuwa nimeitupa ndoto yangu? Na mjomba nimwambie nini?

Wako,
Njiapanda, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuvutwa huku na huku.

Niyaondoe kwanza yasiyostahili kukukosesha usingizi. Hicho kichwa cha akili mnemba kifute. Einstein alitumia karibu miaka thelathini ya mwisho ya maisha yake akitafuta nadharia moja ya kuunganisha uvutano na sumaku-umeme, akafa hajaipata. Wewe una mwaka na GB 8. Na huyo wa superkondakta mkumbushe Julai 2023, watafiti wa Korea Kusini walipotangaza LK-99, kitu walichodai kinapitisha umeme bila ukinzani kwenye joto la kawaida la chumba. Dunia nzima ikawasha tanuri. Agosti haijaisha, maabara za nchi mbalimbali zikawa zimeonyesha kwamba kule kushuka kwa ghafla kwa ukinzani kulitokana na salfaidi ya shaba, uchafu uliobaki ndani ya sampuli. Anayeanza tasnifu kwa kupigia hesabu Nobeli, mwache atangulie.

Sasa nishati giza. Hujakosea kuipenda, kwa sababu miaka hii ndipo pamechangamka. Ukipima kasi ya kutanuka kwa ulimwengu kupitia mwanga wa kale ulioachwa na mwanzo wa ulimwengu, kama satelaiti ya Planck ilivyofanya, unapata kama kilomita 67 kwa sekunde kwa kila megaparseki, kipimo cha umbali wa kati ya galaksi. Ukiipima kwa nyota na supanova (nyota zinazolipuka) za jirani, unapata kama 73. Kila kipimo kina mashaka madogo kuliko tofauti iliyopo kati yao, ndiyo maana watu hawalali. Halafu Machi 2025 mradi wa DESI, unaotumia darubini iliyoko Kitt Peak, Arizona, yenye nyuzi 5,000 za kunasa mwanga, ukatoa matokeo ya galaksi na kwasa (viini ving'avu vya galaksi za mbali) karibu milioni 15. Yakiunganishwa na vipimo vingine, yanaashiria kwamba huenda nishati giza inabadilika kadiri muda unavyokwenda, jambo ambalo vitabu ulivyosomea havikulitarajia. Nguvu ya dokezo hilo, kwa sigma, kipimo cha jinsi ilivyo vigumu tokeo kuwa bahati tu, ni kati ya 2.8 na 4.2, kutegemea supanova za nani umechanganya. Wanafizikia huita kitu ugunduzi kikifika 5. Kwa hiyo mlango uko wazi nusu, na kila mwenye bega anasukuma.

Hapo ndipo shida yako ilipo, wala haiko kwenye pesa. Majedwali ya mwisho ya DESI yako wazi kwa yeyote na ni madogo. Kompyuta yako inaweza kuyapakua hata kwa intaneti hiyo ya kuungaunga, na Python ya kiasi inatosha kulinganisha nayo modeli mbili tatu. Ila wiki yaliyotoka, mamia ya watu duniani walikuwa wanafanya hivyohivyo, wengi wao wakiwa na msimamizi wa kuwaambia kosa liko wapi. Wewe utakuwa na modeli yako, grafu nzuri, na hakuna wa kukuuliza kwa nini umechagua mipaka ile ya vigezo na siyo mingine. Katika kazi ya namna hiyo kosa halipigi kelele. Linakaa kimya mpaka siku ya utetezi, halafu mtahini wa nje analiona kwa dakika tano.

Jambo jingine ambalo wanafunzi hawaambiwi ni kwamba mada nayo hufa. Mwaka 2021 maabara ya Fermilab ya Marekani ilitangaza kwamba sumaku ya myuoni, chembe iliyo kama elektroni nzito, haikubaliani na nadharia, na watu wakajenga tasnifu nzima juu ya chembe mpya za kuieleza tofauti hiyo. Juni 2025 Fermilab ikatoa kipimo chake cha mwisho, chenye usahihi wa sehemu 127 katika bilioni, kazi ya ajabu kabisa. Lakini wakati huohuo upande wa nadharia ulikuwa umerudia mahesabu yake kwa njia nyingine, na pengo likayeyuka karibu lote. Kipimo kimebaki cha thamani. Aliyekuwa ametunga chembe ya kuliziba pengo ana kurasa za kueleza kitu ambacho huenda hakipo. Nakusimulia haya ili ujue kwamba mada inayovuma ina hatari zake hata kwa wenye maabara.

Twende kwenye sola. Nadhani umeiangalia kwa jicho la mtu aliyepewa mume asiyemtaka. Mtazame vizuri kwanza.

Seli ya perovskaiti ilipojaribiwa Japani mwaka 2009 iligeuza asilimia 3.8 tu ya mwanga kuwa umeme. Leo zile bora za maabara zimepita asilimia 26, na zikipangwa juu ya silikoni, malighafi ya paneli za kawaida, zimepita 34. Silikoni ilihitaji miongo mingi kusogea hivyo. Sasa kwa nini hujaziona juu ya mabati ya Kariakoo? Kwa sababu zinaharibika. Unyevu unaziua, joto linaziua, na ndani yake ioni (atomu zenye chaji) zinatembea badala ya kutulia mahali pake. Maabara nyingi za Ulaya huzitengeneza ndani ya kabati lililojaa naitrojeni, ambako unyevu haugusi kitu, kisha ufanisi unapimwa kwa kiwango cha kawaida cha nyuzi joto 25. Paneli iliyoko juani Tanga au Dar haijui nyuzi 25, inafika 60 kirahisi, na hewa yetu ya pwani inakaa juu ya asilimia 70 za unyevu sehemu kubwa ya mwaka. Swali la seli hizi zinakufaje kwenye joto na unyevu wa namna hii ni swali la kwenu. Mtu wa Oxford inabidi anunue chemba ya kuigiza hali ya hewa ambayo wewe unaipata ukifungua dirisha.

Tena ndani ya sola hiyohiyo kuna nadharia ya kukutosha. Chukua mchanganyiko mmoja tu, wa siziamu, risasi na iodini, ambao kemia huuandika CsPbI3. Ukiwa katika umbo lake jeusi unanasa mwanga vizuri. Katika joto la chumba umbo hilo halina utulivu. Likiguswa na unyevu linageuka njano, na la njano halifai kwa sola. Ukiweka bromini mahali pa sehemu ya iodini, weusi unadumu zaidi, lakini pengo la nishati, yaani kiasi cha chini cha nishati ambacho mwanga lazima uwe nacho ili unaswe, linapanuka na unapoteza sehemu ya mwanga mwekundu. Kiasi gani cha bromini kinatosha? Kwa nini hasa kinasaidia? Hilo unaweza kulishughulikia kwa mekanika ya kwanta, njia ile ya msongamano wa elektroni ambayo Walter Kohn alipewa Nobeli ya kemia mwaka 1998. Programu ya Quantum ESPRESSO ni ya bure na inafanya mahesabu hayo. Kipande kidogo cha fuwele chenye atomu 5 kinaingia kwenye GB 8 bila shida, chenye atomu 20 utaiacha kompyuta ikikikokotoa usiku, na zaidi ya hapo utaomba muda kwenye kompyuta kubwa. Mchana unapaka tabaka jembamba kwenye kioo, unaliacha hewani, na kila baada ya saa kadhaa unapima linavyopitisha mwanga kwa spektrofotomita. Vaa glavu, maana ile ni risasi, na mabaki usiyamwage kwenye sinki.

Unaona ninachokifanya? Kichwa cha msimamizi wako kinabaki, na nusu ya kazi ni nadharia halisi, mekanika ya kwanta ileile ya Schrödinger uliyofaulia. Tafuta pia ASESMA, shule ya mahesabu ya muundo wa elektroni ambayo tangu 2010 imekuwa ikifanyika katika nchi za Afrika, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili. Kenya iliwahi kuwa mwenyeji, kule Eldoret mwaka 2012. Wanaofundisha ni watu wanaoijua programu hiyo kwa undani.

Sasa huyo anayesema nadharia ni ya Wazungu. Muulize kama anamjua Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba kule Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingizwa kwenye friji ungali wa moto ukiganda kabla ya ule uliopoa. Alipouliza darasani alichekwa, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, naye badala ya kucheka akaenda kupima. Makala yao ilichapishwa 1969. Mpaka leo wataalamu wanabishana kama maji hufanya hivyo kweli. 2016 kundi moja Uingereza lilipima kwa makini na halikuona ushahidi wa kuridhisha. Lakini wazo lenyewe limehama kutoka kwenye friji. Mwaka 2020 John Bechhoefer na mwenzake kule Kanada waliionyesha athari hiyo wazi kwa chembe ndogo ndani ya maji zikiongozwa kwa leza, na 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, wakaiona kwenye ioni 12 zilizonaswa, katika sura yake ya kwanta. Leo jina la Mpemba liko kwenye vichwa vya makala za fizikia ya nadharia karibu kila mwezi. Mfumo wa kubiti kumi (kubiti ni kipande kidogo kabisa cha taarifa ya kwanta) unaovuja joto kwenye mazingira unauigiza kwenye mpakato wako. (Ukijaribu kubiti 30 kwa ukamilifu utahitaji GB 16 kushika hali moja tu, kwa sababu kila kubiti unayoongeza inazidisha kumbukumbu mara mbili.) Kama mambo ya sola yatakwama kabisa kwa sababu ya hivyo vifaa vilivyokufa, hii ndiyo mada ya akiba ningekupa. Ina makala chache kiasi kwamba unaweza kuzisoma zote muhimu, na anayejua mekanika ya kwanta na takwimu vizuri anaweza kukusimamia hata kama hajawahi kuifanya.

Mjomba usimpuuze. Kuhusu ajira ana hoja. Matibabu ya saratani kwa mionzi, kama yanayofanyika Ocean Road, hayaendi bila mwanafizikia wa kuhakikisha dozi. Chanzo cha mionzi cha kobalti hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu yake kila mwezi, mtu lazima alifuatilie hilo. Na mashine za linaki, zinazotengeneza mionzi kwa umeme, zinapimwa kila asubuhi kabla mgonjwa hajalala kitandani. Afrika ina upungufu mkubwa wa watu hao. Ila mweleze kitu ambacho pengine hajui: kuandika tasnifu kuhusu mionzi hakukufanyi mwanafizikia wa hospitali. Hiyo ni taaluma yenye mafunzo yake ya vitendo wodini. Kwa mfano, Chuo Kikuu cha Trieste, Italia, na ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko hukohuko, wana shahada ya uzamili ya miaka miwili kwa kazi hiyo tu, na mwaka wa pili mwanafunzi anashinda hospitali. Ukiipenda, mlango huo utakuwa wazi hata baada ya sola. Katika barua yako sikuona sentensi hata moja ya wewe kuitaka, nimeona ya mjomba tu. Kazi ambayo kosa la desimali linamfikia mgonjwa haifai kuingiwa kwa ajili ya kumridhisha mtu.

Akiendelea kusema fizikia haina pesa, mpe habari ya heliamu ya Bonde la Rukwa iliyotangazwa 2016. Imetokana na urani na thori kuoza ndani ya miamba mikongwe kwa muda mrefu sana, na joto la bonde la ufa ndilo lililoifungua. Mashine za MRI, za kupiga picha za ndani ya mwili, za hospitali anazozisifu zinapozwa kwa heliamu.

Na ndoto yako? Hujaitupa, umeipa tarehe nyingine. Abdus Salam wa Pakistan alianzisha ICTP pale Trieste mwaka 1964 kwa ajili ya watu kama wewe, wenye kichwa na wasio na mtu wa kuzungumza naye idarani. Wana diploma ya mwaka mmoja inayolipiwa kila kitu, ikiwemo ya kosmolojia na fizikia ya nishati kubwa, na wengi waliopita pale wamekwenda uzamivu moja kwa moja. Karibu zaidi kuna EAIFR kule Kigali, taasisi dada iliyoanza 2018 ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, nayo ina watu wa kosmolojia. Huko unakwenda na tasnifu iliyokamilika, na barua ya msimamizi anayekufahamu vizuri. Barua ya msimamizi aliyekuambia ujitegemee itakuwa na mistari mitatu.

Jumamosi zako zibaki za DESI. Pakua majedwali, rudia grafu moja ya wenyewe mpaka ilingane, weka msimbo wa programu yako hadharani. Siku ya kuomba Trieste utakuwa na cha kuonyesha.

Kabla hujaandika chochote, nenda kwa msimamizi na mambo matatu tu. Muulize spektrofotomita inafanya kazi au nayo inasubiri vipuri. Muulize kama atakubali nusu ya tasnifu iwe mahesabu, na nani ataisoma nusu hiyo kama yeye si mtu wa kompyuta. Halafu mwombe mwanafunzi aliyemtangulia akuonyeshe sampuli zake, na umuulize zilidumu siku ngapi. Akikujibu "sijui", umeshapata sura yako ya kwanza.